Nchi Ambako Majani Hulipiwa Kodi

Msafiri atokaye mji wa Dodge City, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, akashika barabara kuu nambari 56 kuelekea kusini-magharibi, atakwenda kwa motokaa muda wa saa mbili bila kuona mlima wala msitu. Ataona mbingu, na barabara iliyonyoka kama uzi wa fundi, na maghala marefu meupe ya nafaka yaliyosimama kando ya reli. Ghala moja halijapotea nyuma yake ila jingine limekwisha kutokea mbele, na chini ya kila ghala pana mji mdogo wa watu wachache. Majina ya miji hiyo hufurahisha. Kuna Montezuma, kuna Sublette, na kuna Moscow ambayo haina hata watu 500.

Kwa macho nchi hii ni tambarare, lakini kwa kweli hupanda polepole kuelekea magharibi. Afikapo Elkhart, mji wa mwisho kabla ya mpaka wa jimbo la Oklahoma, msafiri yuko futi zaidi ya 3,500 juu ya bahari, karibu sawa na Kisumu. Hapo ndipo ulinganifu na Kisumu ukomapo. Mvua ya mwaka mzima ni kama inchi 18, na iko miaka mingi isiyofika hapo. Upepo huvuma mchana na usiku, wala hakuna cha kuuzuia.

Mashamba ya kando ya barabara ni ya namna tatu. Yako ya mviringo, ya kijani kibichi, yanayonyweshwa kwa maji ya chini ya ardhi kwa mabomba marefu yazungukayo juu ya magurudumu. Yako ya ngano itegemeayo mvua, ambayo baada ya mavuno hubaki mabua ya rangi ya simba. Na yako mengine, eka mia kwa mia, ambayo hayana kitu ila majani yafikayo magotini. Humo hamna ng'ombe wala kondoo. Majani hayakukatwa, na mwaka ujao pia hayatakatwa. Mgeni atokaye Afrika ya Mashariki, ambako kipande cha majani kisicho na mbuzi ni dalili ya kwamba mwenyewe amesafiri, hudhani mashamba hayo yameachwa kwa ajili ya kesi au kifo.

Sivyo. Majani hayo yamelipiwa kodi. Kila mwaka, baada ya tarehe 1 Oktoba, Serikali ya Marekani humlipa mwenye shamba fedha taslimu ili asilime.

Jambo hili lina historia ndefu, na nchi hii ya barabara nambari 56 ndipo mahali pa kuielewa, maana hapa ndipo ilipoandikwa kwa vumbi. Kabla ya vita vya 1914 sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa malisho. Majani yake yalikuwa mafupi, yenye mizizi iliyofumana kama mkeka, nayo yalikwisha kuzoea ukame na upepo kwa maelfu ya miaka. Vita vilipofanya ngano ipande bei kupita dola mbili kwa busheli, yaani kwa ratili 60, watu walikuja mbio. Baadhi yao hawakuwa wakulima hata kidogo. Walikuja kwa gari moshi na sanduku la nguo, wakalima kwa matrekta, wakapanda, wakarudi mjini kungoja mavuno. Wenyeji waliwaita wakulima wa masanduku. Mwaka baada ya mwaka mkeka ule wa majani ulipinduliwa chini juu. Bei ilipoanguka, watu walilima zaidi ili kufidia hasara, hata mwaka 1931 ngano ilikuwa nyingi kupita kiasi na busheli moja haikupata hata senti 50.

Kisha mvua ikakatika. Kuanzia mwaka 1932 ngano ilikauka shambani, na upepo, ambao siku zote ulikuwapo, ukakuta ardhi tupu. Mwezi wa Mei 1934 wingu moja la udongo liliruka kutoka nchi hizi za katikati hata New York, na vumbi lake likaanguka juu ya meli zilizokuwa baharini. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 ilianza kwa anga safi. Alasiri likaja wingu jeusi kama ukuta, ndege wakiruka mbele yake, na watu waliokuwa njiani hawakuona mikono yao. Siku ile huitwa hata leo Jumapili Nyeusi. Akina mama walining'iniza shuka zilizoloweshwa maji madirishani, na asubuhi waliziona zimegeuka matope. Watoto na wazee walikufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi.

Huko Washington alikuwako bwana mmoja, Hugh Hammond Bennett, mwana wa mkulima wa North Carolina, aliyekuwa akipiga kelele juu ya mmomonyoko wa udongo kwa miaka mingi na kusikilizwa na wachache. Katika majira hayo hayo ya vumbi alikuwa akieleza mambo yake mbele ya wajumbe wa Bunge, na udongo wa majimbo ya mbali ukafika angani juu ya mji mkuu wenyewe. Hakukuwa na haja ya hotuba nyingine. Tarehe 27 Aprili 1935 sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa sahihi, na Bennett akawekwa kuwa mkuu wa idara mpya.

Serikali ilijaribu njia kadhaa kwa wakati mmoja, na mbili kati yake bado zaonekana barabarani.

Ya kwanza ilikuwa kununua. Wilaya ya Morton, ambamo umo mji wa Elkhart, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa wilaya zilizoharibika kuliko zote. Wenye mashamba yaliyokuwa mchanga mtupu waliuzia Serikali, wakahama au wakabaki na kipande kidogo. Mabwana shamba wakapanda majani upya, kazi iliyochukua miaka mingi, maana mbegu iliyopandwa katika mchanga uendao na upepo huondoka pamoja na mchanga wake. Leo nchi hiyo huitwa mbuga ya taifa ya Cimarron, eka zipatazo 108,000 kaskazini ya Elkhart. Wafugaji wa jirani huruhusiwa kulisha ng'ombe humo kwa hati na kwa hesabu. Mto Cimarron hupita katikati yake, ingawa mara nyingi ni mto wa jina tu, mchanga mweupe usio na tone la maji. Juu ya mwamba uitwao Point of Rocks msafiri huweza kusimama na kuona bonde lote, pamoja na makovu ya magurudumu ya magari ya kukokotwa na maksai yaliyopita hapa yakienda Santa Fe katika karne ya kumi na tisa. Majani yameyafunika makovu hayo bila kuyafuta.

Njia ya pili ilikuwa kulipa. Kwanza, kwa sheria ya mwaka 1933, mkulima alilipwa ili apunguze pamba, ngano au mahindi, na shabaha ilikuwa kuinua bei kuliko kuponya udongo. Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja sheria hiyo mwezi wa Januari 1936. Kabla ya miezi miwili kupita Bunge likatunga nyingine, iliyosema kwamba mkulima atalipwa akiondoa mazao yachoshayo udongo na kupanda yaurutubishao. Watu wenye hila walisema ni sheria ile ile iliyovaa kanzu mpya. Labda ni kweli. Lakini kanzu hiyo ndiyo iliyodumu. Tangu mwaka ule mkulima wa Marekani amezoea wazo kwamba udongo wake ni mali yake, na kuutunza ni kazi ambayo taifa lapaswa kuilipia sehemu.

Hapo hapo likatokea neno ambalo halijakwisha. Aliyelipwa ni nani? Katika majimbo ya kusini, kama Arkansas, mashamba ya pamba yalilimwa na watu maskini, weupe na weusi, waliogawana mavuno na mwenye shamba. Serikali ilipolipa ili theluthi ya pamba iondolewe, fedha zilipita mkononi mwa mwenye shamba. Sheria ilimwagiza amgawie mpangaji wake. Wengi hawakugawa, na wengine waliona kwamba kama pamba imepungua basi na watu wapunguzwe, wakawafukuza. Mwezi wa Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza, weupe na weusi walikutana wakaanzisha chama cha wapangaji wa kusini. Kwa nchi ile na siku zile, kukaa kwao katika chumba kimoja kulikuwa jambo la hatari. Walipigwa na kufukuzwa, na madai yao makubwa yalikuwa haya tu: fedha za Serikali zimfikie atokwaye jasho.

Habari za vumbi hazikukaa Marekani. Zilivuka bahari, zikafika katika ofisi za Serikali ya Kenya, na maafisa waliotazama vilima vya Ukambani vilivyokatika kwa makorongo waliona Kansas ya pili inakuja. Bwana Colin Maher, aliyeongoza kazi ya kuhifadhi udongo nchini Kenya, alikwenda Marekani kujifunza, na taarifa ya safari yake ilipigwa chapa Nairobi mwaka 1940. Mengi aliyoyaona yakafanywa hapa: matuta, makinga maji, kulima kwa kufuata usawa wa kilima. Daftari la malipo ndilo lililobaki Marekani.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa mkulima wa Kiafrika. Mwaka 1934 Serikali ya Marekani ilinunua ng'ombe waliodhoofika kwa ukame kwa dola 14 hadi 20 kila mmoja, hata wale wasiofaa kwa nyama. Mwaka 1938 Wakamba waliagizwa kupunguza ng'ombe, na waliokataa wakanyang'anywa wanyama wao, wakauzwa mnadani kwa bei ndogo. Watu wakatembea kwa miguu hata Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kumwona Gavana, naye Muindi akakamatwa na kupelekwa Lamu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1948, wanawake wa Murang'a walikwenda boma kusema kwamba hawatachimba matuta tena. Na si kwamba Serikali ya Nairobi haikujua namna ya kumlipa mkulima. Sheria yake ya mwaka 1942 ya kuongeza mazao iliwapa walowezi dhamana ya mapato kwa kila eka, na fedha za kuvunja ardhi mpya. Aliyelipwa alilipwa ili alime, na aliyeamriwa kuhifadhi hakulipwa. Matuta ya Ukambani yalikuja kusitawi baadaye, wakati watu walipoyachimba wenyewe kwa faida yao wenyewe, lakini hiyo ni safari nyingine.

Kurudi katika barabara nambari 56: kati ya majani yaliyonunuliwa kaskazini ya Elkhart na majani yaliyokodishwa katika mashamba ya watu, macho ya mgeni hayaoni tofauti kubwa. Tofauti iko katika karatasi. Majani ya mbuga ya Cimarron hayana tarehe. Majani ya mashamba yana tarehe ya mwisho, nayo ni 30 Septemba ya mwaka ulioandikwa katika mkataba.

Serikali ilikwisha kujifunza jambo hili mara moja. Mwaka 1956, wakati wa Rais Eisenhower, ilianzishwa benki ya udongo, ambayo ilikodi mashamba kwa miaka mitatu hadi kumi. Kufikia mwaka 1960 eka zaidi ya milioni 28 zilikuwa zimepumzishwa. Mikataba ikaisha mmoja mmoja. Mwaka 1972 Urusi ikanunua ngano nyingi sana ya Marekani, bei ikaruka, na Waziri wa Kilimo, Earl Butz, akawahimiza watu kulima kutoka ua hata ua. Majani yaliyolipiwa kwa miaka kumi yalipinduliwa kwa majira machache.

Mpango wa sasa ulizaliwa katika sheria ya kilimo ambayo Rais Reagan aliitia sahihi tarehe 23 Desemba 1985. Wakati huo wakulima walikuwa na madeni makubwa, nafaka ilikuwa tele kupita haja, na udongo ulikuwa ukienda. Serikali ikaamua kutibu maradhi matatu kwa dawa moja. Mwenye shamba huenda katika ofisi ya kilimo ya wilaya na kutaja kodi ambayo angekubali kwa kila eka. Serikali imekwisha kuweka kikomo kwa kadiri ya udongo wa mahali pale. Kila ombi hupewa maksi: udongo ni mwepesi kiasi gani, maji ya jirani yatasafika vipi, ndege na wanyama watapata makao gani, na bei yenyewe ni nafuu au ghali. Wenye maksi nyingi ndio huchukuliwa. Halmashauri ya wilaya isimamiayo mambo haya huchaguliwa na wakulima wenyewe, na jambo hilo limepunguza manung'uniko mengi, ingawa limezaa mengine.

Akiisha kukubaliwa, mkulima hutia sahihi kwa miaka 10 hadi 15. Hupanda majani kwa mpango uliopimwa na bwana shamba, na Serikali humlipia hadi nusu ya gharama ya kupanda. Lazima azuie magugu. Haruhusiwi kulima wala kuvuna, na kulisha ni kwa idhini tu. Akiuvunja mkataba kabla ya wakati wake, hurudisha fedha zote alizopokea tangu siku ya kwanza pamoja na riba. Ndiyo sababu wachache sana huvunja. Katika miaka ya mwanzo kodi ilikuwa kwa wastani kama dola 50 kwa eka nchini pote, na nchi kavu kama hii hupata chini ya udongo mweusi wa Iowa, ambako siku hizi kodi hupita dola 200. Kwa mfano, mtu mwenye eka 160, ambacho ndicho kipimo cha shamba walilopewa walowezi wa kwanza, akilipwa dola 40 kwa eka atapokea dola 6,400 kila mwaka, mvua ije isije. Mtu mmoja hawezi kupokea zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka.

Mvua ije isije: maneno hayo ni matamu katika nchi ya inchi 18. Watu walikimbilia ofisini. Katika wilaya nyingi za nchi hizi kavu maombi yalifikia upesi robo ya mashamba yote, nayo robo ndiyo kikomo cha sheria. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya udongo. Kiliwekwa kwa ajili ya miji ile midogo iliyo chini ya maghala. Shamba lililolala halinunui mbegu, wala dizeli, wala mbolea, wala halimpi kazi fundi wa matrekta. Mwenye shamba aliyekuwa na umri wa miaka 60 alitia eka zake zote katika mpango, akauza mashine, akahamia mjini kuishi karibu na wajukuu. Fedha zake zikamfuata huko. Duka la vipuli likafungwa, na shule ikapoteza watoto. Mtu asiyefika Kansas huona rahisi kusema kwamba kupumzisha ardhi hakumdhuru mtu.

Na kijana atakaye kulima? Yeye hana shamba. Angekodi kwa mzee huyo. Lakini mzee amekwisha kupata mpangaji asiyechelewa kulipa, asiyeomba kupunguziwa wakati wa ukame, na asiyeharibu ua, naye ni Serikali. Sheria husema kwamba mpangaji asifukuzwe ili shamba litiwe katika mpango, na mwenye haki ya sehemu ya fedha apewe sehemu yake. Hayo ni mema, nayo ni mafunzo ya Arkansas. Lakini sheria hiyo humlinda aliyekwisha kuwamo. Aliye nje bado anatafuta mlango, hahesabiwi na mtu.

Kwa upande wa udongo, hata hivyo, faida si ya kubishaniwa. Mizizi imeushika. Ndege wa mbugani afananaye na kwale, aliyekuwa akipungua mwaka hata mwaka, amepata makao mapya magharibi ya Kansas katika majani haya. Ukame wa miaka ya 2011 hadi 2013 ulikuwa mkali sana, na wazee walisema ni kama ule wa utoto wao. Vumbi liliruka siku kadhaa na motokaa zikawasha taa mchana, lakini Jumapili Nyeusi haikurudi. Majani yalisaidia, pamoja na maji ya visima na desturi mpya ya kupanda bila kupindua mabua ya msimu uliopita. Mwaka 2012 Serikali iliwaruhusu wenye mikataba kukata majani na kulisha ng'ombe waliokuwa wakifa njaa, na kodi yao ya mwaka ikapunguzwa kwa sehemu ya kumi tu badala ya robo ya kawaida. Kwa mfugaji wa Boise City ruhusa hiyo ilikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

Boise City uko ndani ya Oklahoma, barabara ile ile, katika wilaya iliyo ncha ya magharibi ya jimbo hilo, ambayo peke yake katika Marekani nzima hupakana na majimbo manne mengine. Vumbi la 1935 lilipiga hapa kwa nguvu zote. Hapa na kusini yake, katika mchanga wa Oklahoma na Texas, Mwafrika wa Mashariki ataona jambo la kumpendeza. Katika mikataba ya kwanza watu hawakudaiwa sana kupanda majani ya asili. Walitafuta yaotayo upesi. Moja la hayo lina majani marefu membamba yainamayo kama nywele zilizolowa, nalo hustahimili mchanga na jua. Mbegu zake zililetwa Marekani kutoka Tanganyika mwaka 1927. Basi dola za Washington zimelipwa kwa miaka mingi ili mmea wa Tanganyika ushike udongo wa Texas. Wafugaji hawausifu sana, kwa kuwa ukikomaa huwa mgumu na ng'ombe huupita, na wapenda ndege wangetaka majani ya asili yarudi. Siku hizi maombi yenye majani ya asili hupewa maksi zaidi.

Mwaka 2007 mpango huu ulifikia kilele chake, eka milioni 36.8 katika Marekani yote, eneo kama robo tatu ya Uganda ukiondoa maziwa yake. Kisha lililotokea mwaka 1972 likatokea tena. Mahindi yalianza kugeuzwa mafuta ya motokaa kwa wingi, na mapema mwaka 2008 ngano ilipita dola 10 kwa busheli. Kodi ya Serikali, iliyoonekana nono wakati wa ngano ya dola tatu, ikaonekana chembe. Sheria ya mwaka 2014 ikapunguza kikomo cha mpango hata eka milioni 24, maana Bunge lilikuwa likitafuta mahali pa kubana matumizi, na majani hayapigi kura. Mwaka 2018 kikomo kikapandishwa tena hata milioni 27, lakini kodi zikabanwa, na watu wengi wa nchi yenye udongo mzuri hawakurudi.

Katika nchi kavu hesabu ni nyingine, na wengi hutia sahihi upya. Lakini si wote. Wakati wa kupanda ngano huku ni Septemba na Oktoba, na mkataba huisha 30 Septemba. Angengoja siku ile, mkulima angechelewa. Kwa sababu hiyo kanuni humruhusu, katika kiangazi cha mwaka wa mwisho, kuanza kuyaua majani kabla ya tarehe kufika. Apitaye katika barabara nambari 56 mwezi wa Agosti huweza kujua mkataba upi hautarudiwa bila kumwuliza mtu. Upande mmoja wa ua majani bado yanainama na upepo. Upande wa pili yamenyunyizwa dawa, yamekauka yote kwa pamoja, na trekta imesimama pembeni.